Juma la Tuzo za Lagos

Sinza, Jumatatu, 29 Februari 2016

Jumamosi ndiyo siku ya tuzo za filamu za Africa Magic, Lagos, na hapa kwenye mastudio yetu hakuna habari nyingine. Elizabeth Michael, Lulu wetu, anawania filamu bora ya Afrika Mashariki kwa "Mapenzi ya Mungu". Single Mtambalike, yaani Richie, yumo kwenye kipengele cha filamu za Kiswahili kwa "Kitendawili". Tangu tuzo hizi zianze mwaka 2013, baadhi ya vipengele huamuliwa kwa kura za watazamaji. Vya ufundi ni vya majaji. Wenzangu wanahesabu kura. Mimi mhariri roho yangu iko kwa majaji. Mtazamaji humpigia kura staa anayempenda, na ni haki yake. Jaji huangalia sini imekatwa wapi, na sauti imetulia au inarukaruka.

Alhamisi, 3 Machi

Msambazaji amepiga simu. Filamu iliyo mezani kwangu anataka itoke sehemu ya kwanza na ya pili, diski mbili.

"Kaka, hadithi yenyewe ni ya dakika tisini," nikamwambia.

"Mdogo wangu, diski moja hainirudishii hela."

Namwelewa. Filamu ikiingia Kariakoo leo, kesho nakala za wizi ziko barabarani, na hata stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato (TRA) zilizoanza 2013 hazijawazuia wezi. Diski mbili humpa nafasi mbili za kuuza kabla hawajamfikia. Lakini gharama yake inalipwa na hadithi. Ili nijaze muda, lazima nimwache mhusika atembee kutoka getini hadi mlangoni, gari liegeshwe mpaka mwisho, simu ipokelewe na salamu zote. Ni uji ulioongezwa maji. Mwandishi aliandika sini ya mama na binti ikaniliza nilipoisoma. Sasa nimeambiwa niipasue katikati, ili mteja arudi dukani kununua nusu iliyobaki.

Jumapili, 6 Machi

Tumeshinda! Lagos iko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo huku ilikuwa usiku mkubwa, na bado mtaa ulikuwa macho. Lulu katangazwa, Richie naye katangazwa. Watu wazima wamekumbatiana kwa jirani mwenye king'amuzi. Nilimkumbuka marehemu Steven Kanumba, aliyecheza na Wanigeria katika "Dar 2 Lagos" miaka kumi iliyopita, wakati wengi wetu tuliiona Lagos kuwa mbali mno. Natamani angeuona usiku huu.

Filamu bora ya jumla imekuwa "Dry" ya Stephanie Linus wa Nigeria: binti wa miaka 13 anaozwa kwa mwanamume mzima, anapata fistula wakati wa kujifungua, na walio karibu naye wanamkimbia. Nimeifikiria hadi asubuhi. Wanawake wenye maradhi hayo wanatibiwa hapahapa Dar es Salaam, pale hospitali ya CCBRT. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 bado inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa. Hadithi ile tungeweza kuisimulia sisi. Ila ingekuja mezani kwangu na agizo la kuikata sehemu mbili, na aibu ya yule mtoto ingesubiri diski ya pili.

Jumatano, 9 Machi

Leo nimemfuata msambazaji ofisini, nikiwa na toleo la dakika tisini na mbili. Nimemwomba aitazame yote kabla hajanijibu. Simu yake ililia, akaizima. Ilipofika sini ya mama na binti, nzima, haikupasuliwa, aliniomba niirudie.

Amekubali diski moja, kwa bei ya juu kidogo, kwa majaribio. Akasema, "Ikidorora, mdogo wangu, usinilaumu kwa ijayo." Nimekubali.

Alhamisi, 10 Machi

Prodyuza ananipongeza kana kwamba tuzo ya mwakani ni yetu. Nimemwambia kazi ndiyo inaanza. Kipengele cha Kiswahili ni heshima kubwa kwa lugha yetu, na nitakitetea popote. Lakini pale tunashindana wenyewe kwa wenyewe. Kwenye uhariri, sauti, mwanga na upigaji picha tunakutana na Afrika nzima, na huko jenereta linalonguruma nyuma ya maneno ya mwigizaji halisamehewi kwa sababu maneno ni ya Kiswahili. Nimemwomba kwa filamu ijayo aongeze siku mbili za lokesheni na amlipe fundi sauti wa kweli, badala ya kijana yeyote aliyepewa maiki ashike. Ameomba nimwandikie hesabu. Nimeianza usiku huu, na mstari wa kwanza ni wa fundi sauti.