Meli haingoji mtoto wa mtu!

Hebu nikuulize, msomaji wangu. Una saa tano tu za kukaa na mtu uliyemkosa kwa miezi tisa. Mnakutana bandarini Zanzibar. Je, unampakia kwenye gari mkazunguke kisiwa, au mnatembea kwa miguu pale pale mjini? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na nusura nimfukuzishe kaka yangu kazi!

Kaka yangu ni mhudumu wa mezani kwenye meli ya watalii, zile ghorofa zinazoelea. Kwa wasiojua, meli ya namna hiyo haikai bandarini kusubiri watu wachoke. Inaingia asubuhi, jioni inang'oa nanga, kesho yake iko nchi nyingine. Abiria wanashuka wakiwa na saa sita, saba, basi. Kwa hiyo kila usiku kabla ya kufika bandari mpya, melini kunakuwa na ubishi mmoja tu: kesho tulipie basi la matembezi, au tushuke tutembee wenyewe? Kaka anasema swali hilo anaulizwa kuliko hata chumvi iko wapi.

Jibu lake huwa lile lile. Anawaambia bandari ikiwa mbali na mji, panda gari. Bandari ikiwa mlangoni mwa mji, vaa viatu vya kutembelea. Na Zanzibar, anawaambia, ukitoka geti la Malindi tu tayari uko mlangoni mwa Mji Mkongwe. Kwa nini ulipe kubebwa?

Ushauri mzuri sana. Sasa angalia dada yake alivyofanya.

SAFARI YA BOTI

Ilikuwa Februari 2024. Meli yao ilikuwa inatoka Shelisheli, na kaka akaandika kwamba amepata ruhusa ya kushuka akimaliza chai ya asubuhi. Mwisho wake wa kurudi: 15:00. Mabaharia wanatakiwa wawe ndani kabla ya abiria. Mimi nikasoma 15:00, nikatafsiri saa tisa, nikaona mambo si haba.

Asubuhi hiyo mimi na mama tukapanda boti ya saa moja kutoka Dar. Mama alikuwa amebeba hotipoti ya chapati na maharage ya nazi, ameikumbatia utadhani kabeba mtoto mchanga. Eti huko melini kuna vyakula vya kila taifa, lakini nani atamtilia mwanawe nazi ya kukuna?

Ugomvi ulianzia baharini. Mi nikasema, "Mama, tukifika nakodi gari. Tunakwenda mashamba ya viungo Kizimbani, tukirudi tunapita ufukweni Bububu, tunakula, tunamrudisha."

Mama akanitazama. "Tutembee hapo hapo polepole. Mimi sikuja kuona miti, nimekuja kumwona mwanangu."

"Na hilo goti lako, je?"

Hapo nikamkamata. Goti la mama linamsumbua tangu zamani, na mimi nikalitumia kama silaha. Ukweli wangu nausema leo: halikuwa suala la goti. Nilitaka picha. Nilitaka nimwonyeshe kaka kwamba na sisi tuliobaki nyumbani tunajua maisha. Wewe umeona nchi za watu, njoo na mimi nikutembeze kwa gari, tena la kiyoyozi! Mama akanyamaza. Wazazi wakinyamaza, sisi tunadhani tumeshinda.

KUMBE NIMEKODI KITANDA

Saa nne kwa simu yangu kaka akatokea getini. Jamani! Amepungua, amekuwa mweupe kama mtu anayefanya kazi chini ya taa, lakini tabasamu ni lile lile. "Shikamoo mama," akainama. Mama hakuitikia, alimshika tu uso kwa mikono miwili. Mimi huyo, nikaanza kuwahimiza: dereva anasubiri, twendeni, muda, muda! Nikapiga hesabu kwa sauti, saa nne mpaka saa tisa, saa tano nzima. Gari nilikuwa nimepatana shilingi 90,000.

Tukaingia. Kaka akakaa nyuma na mama, mimi mbele na dereva. Kabla hatujamaliza foleni ya njia ya Bububu, nikageuka kumwonyesha kitu. Bwana wee... kaka amelala. Kichwa kwenye paja la mama, mdomo wazi, fofofo.

Nikasema, "We! Amka bwana, utalala melini!"

Mama akanizuia kwa mkono. "Mwache. Lini tena nitampata amelala?"

Alilala mpaka Kizimbani. Mtembezaji wa shamba akaja na vikapu vyake, mimi nikashuka peke yangu kama mjane. Nikaonyeshwa mdalasini unavyobanduliwa gome, vanila inavyopanda mti kama kamba, hiliki inavyojificha chini kabisa ya shina lake. Nikapasuliwa kungumanga, nikaona ile nyavu nyekundu ya basibasi iliyoizunguka. Nikapakwa mzingifuri mdomoni, nikawa kama nimetoka saluni. Mambo mazuri, siyakatai. Lakini nilikuwa naangalia gari kila baada ya mti mmoja. Mle ndani mama alikuwa anampepea mwanawe kwa kanga, dereva kakaa kivulini anakula embe. Picha nilizopiga ni za majani matupu.

Tulipogeuza kurudi mama akasema, "Bububu hatuendi. Turudi mjini." Safari hii sikubisha.

MIGUU IKAANZA KUSEMA

Saa saba kasorobo dereva akatushusha Malindi. Kaka alikuwa ameamka kwa honi za mjini, macho mekundu, anaomba radhi. Melini anafanya kazi siku saba kwa wiki, na usiku wa kuamkia bandari alikuwa kwenye zamu ya mwisho. Mama akamshika kiwiko, tukaanza kufuata barabara ya Mizingani, upande wa kulia bahari, upande wa kushoto nyumba za kale.

Tulikwenda mwendo wa mama. Yaani hatua kumi, pumziko. Tukasimama mbele ya Zahanati Kongwe, ile nyumba yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan na kumalizika mwaka 1894. Tukapumzika tena chini ya ule mti mkubwa wa Mtini, mafundi wa madau wamekaa kivulini kwao. Mara ya tatu ikawa jirani na Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Kaka akashangaa kuona sehemu yake haipo. Nikamweleza kwamba iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Habari hiyo haikuwahi kumfikia.

Halafu hapo hapo, wakati mama anajinyoosha goti, kaka akasema bila kumwangalia mtu: "Mama, nimechoka. Nadhani nitaiacha hii kazi."

Miezi tisa kwenye simu alikuwa anasema "mzima, mama, mambo safi". Ndani ya gari asingeliweza kulisema lile neno, maana masikio ya dereva yalikuwepo, na mimi nilikuwa sinyamazi. Lilihitaji mtu anayetembea polepole, na mahali pa kusimama.

Mama hakushtuka. Akasema, "Mkataba umebaki muda gani?"

"Miezi miwili."

"Maliza hiyo miwili, uondoke kwa heshima. Kisha rudi nyumbani. Chumba chako hakijapangishwa."

Basi. Hayo ndiyo maneno tuliyovuka bahari kuyasema, na hayakugharimu hata senti.

ILE SAA YA MKONO

Tukafika Forodhani, tukakaa kwenye ukuta tukitazama bahari. Mama akafungua hotipoti. Kaka alikuwa kwenye chapati ya pili mara akatokea bibi mmoja Mzungu, mzee wa haja, na fimbo yake na kofia pana. Akamwita kaka kwa jina. Kumbe ni abiria wake wa meza ya dirishani! Jana yake alimwuliza lile swali la kila siku, kaka akamwambia tembea kwa miguu. Alikuwa ametoka kwenye vichochoro peke yake, anatembea na kupumzika kama mama. Wenzake wote walikuwa kwenye mabasi. Akamshukuru sana.

Kisha akatazama saa yake ya mkono, akauliza kwa upole: "Lakini wewe si unatakiwa urudi saa 15:00? Sasa ni 14:20."

Kaka akacheka, akamwonyesha simu: 13:20. Bibi naye akamwonyesha saa: 14:20.

Nilimwona kaka yangu anabadilika rangi. Meli ilitoka Shelisheli, na Shelisheli wako mbele yetu kwa saa moja. Nahodha alikuwa ameamua saa za melini zisibadilishwe, na tangazo lilibandikwa. Kaka kwa uchovu wake alilisahau. Simu yake ilipokamata mtandao wa hapa ikajirekebisha yenyewe, kimya kimya. Ile 15:00 ya melini ilikuwa saa nane ya kwetu, siyo saa tisa! Saa zangu tano zilikuwa nne tangu mwanzo, na mbili na ushei nilikwishazimaliza barabarani.

Dakika arobaini. Jamani, meli haingoji mtoto wa mtu! Baharia akiachwa bandarini kibarua kinaweza kuota nyasi siku hiyo hiyo. Hapo heshima ya kumaliza mkataba iko wapi?

Nikaanza kutafuta teksi kwa macho. Mama akafunga hotipoti, akasimama, akasema, "Teksi ya nini? Meli si ile pale?"

Kweli bwana. Ilikuwa inaonekana, mwendo wa robo saa kwa mtu mzima wa afya. Goti likasahauliwa, mama akatangulia. Tukapita tena Beit el Ajaib, Mtini, Zahanati Kongwe, safari hii bila pumziko hata moja. Tukafika getini dakika kumi na tano zimebaki. Fikiria kama tungekuwa kwenye foleni ya Bububu na mafuta ya samaki mkononi! Mpaka leo nikiwaza hilo natoka jasho.

Chakula cha nje hakiruhusiwi kuingia melini. Kaka akala chapati ya mwisho pale pale getini, amesimama, machozi na maharage vimechanganyika. Akambusu mama mkono, akakimbia.

SASA WEWE UFANYEJE?

Sikuambii gari ni baya. Ukitaka kuwaona kima punju wa Jozani, kilometa kama 35 kutoka mjini, hakuna miguu itakayokufikisha na kukurudisha kwa siku moja. Nungwi ni mbali zaidi. Hata kobe wa Changuu hawafikiwi bila boti. Na kama ni abiria wa meli, jua hili: basi lililoandaliwa na meli yenyewe likichelewa, kawaida meli hulisubiri. Ukijipangia mwenyewe ukachelewa, utaipungia mkono. Mgonjwa na asiyeweza kutembea naye apande gari bila kuona haya.

Lakini jiulize kwanza umeshukia nini. Kama umeshukia kitu, nenda kwenye hicho kitu, kimoja tu, siyo vitatu. Kama umeshukia mtu, usimfungie kwenye gari la watu ukamwonyesha miti. Kaa naye karibu na gati. Hata wewe unayekwenda Zanzibar kwa boti ya asubuhi na kurudi ya jioni na mchumba wako, hesabu ni hiyo hiyo. Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, unatosha siku nzima, na vichochoro vyake vingi gari halipiti hata ukilipia dhahabu.

Jioni kwenye boti ya kurudi nilimwomba mama radhi kwa zile 90,000 na zile saa mbili. Akanishangaa. "Radhi ya nini? Mwanangu kalala kwenye paja langu saa nzima na zaidi. Wewe ndiye hukuona kitu."

Kaka alimaliza mkataba wake mwezi Aprili, akarudi. Alilala siku mbili mfululizo. Sasa anasema huenda akapanda meli nyingine mwakani, na safari hii hatubishani naye. Mimi nimemnunulia zawadi pale Kariakoo: saa ya mkono. Ya mishale, isiyojirekebisha yenyewe.