Kinoo cha Uani

Kunoa kisu ni kuondoa chuma kidogo pande zote mbili za ukingo, hadi pande hizo zikutane tena kwenye mstari mwembamba. Katika miji ya mwambao wa Tanzania, kazi hiyo ilikuwa ya nyumbani kabla haijawa ya fundi wa mtaani. Katika nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, ambako kumbukumbu hizi zinatoka, kinoo kilikaa uani karibu na pipa la maji, na bibi mwenye nyumba hakugusa samaki kabla ya kukipitishia kisu mara kadhaa. Watoto walikatazwa kushika kisu, lakini waliruhusiwa kulimwagia jiwe maji, na kwa kutazama walijua kazi inavyokwenda.

Visu vya wakati huo vilikuwa vya chuma cha pua cha kawaida, kisicho na kromiamu. Vilinoleka upesi na kushika kutu upesi vilevile. Hewa ya chumvi ilivila, ndimu na embe bichi vikaviacha na madoa meusi. Kwa hiyo kisu kilioshwa na kufutwa papo hapo, kikapakwa mafuta ya nazi kidogo. Mpini haukulowekwa, maana mti hufura majini, ukikauka hunywea, na kisu huanza kucheza.

Kunoa kwenyewe kulitaka utulivu kuliko nguvu. Jiwe hulowanishwa ili maji yachukue unga wa chuma usizibe vinyweleo vyake. Kisu hulazwa, kisha mgongo wake huinuliwa kidogo: kisu chenye upana wa sentimita 4 kikiinuliwa mgongo kiasi cha sentimita 1 hupata pembe ya karibu nyuzi 15. Pembe hiyo ndiyo siri yote. Mkono ukiyumba, ukingo huwa mviringo, na kisu huteleza juu ya ganda la nyanya. Upande mmoja hunolewa mpaka upande wa pili uote ukwaruzo mwembamba, unaosikika kidole gumba kikivutwa kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake. Hapo kisu hugeuzwa. Mwisho ukwaruzo huondolewa kwa mikwaruzo myepesi ya kupokezana, na aliyekosa jiwe laini alitumia kitako cha bakuli la udongo.

Baadaye akaja mnoa visu wa baiskeli. Baiskeli ilisimamishwa kwenye stendi, mkanda ukazungusha jiwe la duara, naye akapiga pedali huku cheche zikiruka. Siku za kuelekea Idi el-Hajj hakupumzika, kwa kuwa mafundisho ya Kiislamu yanataka mnyama achinjwe kwa kisu kikali. Alifaa sana kwa mapanga na visu vyenye mapengo. Kwa kisu cha jikoni aliokoa muda, lakini jiwe lake lilikula chuma kingi, na likizungushwa kavu lilikipasha moto. Mashine za umeme zilizofuata zilizidisha hatari hiyo: ukingo ukigeuka samawati, joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na ugumu wa chuma umepungua. Makali ya namna hiyo hayakai.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na chuma kisichoshika kutu. Harry Brearley alikiyeyusha huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kikiwa na kromiamu karibu asilimia 13. Kilipofika katika maduka ya mwambao kwa bei ndogo, kikiwa na mpini wa plastiki, mafuta ya nazi yalisahauliwa, na kinoo nacho. Ni hasara, kwa sababu visu vingi vya bei nafuu vina chuma laini kinachonoleka vizuri kwa mkono. Makali yake hupinda kabla ya kulika, hivyo mara nyingi fimbo ya chuma kama ya muuza nyama hutosha kuyanyoosha. Yakiwa butu kweli, jiwe la dukani lenye upande wa kukwaruza na upande laini linafanya kazi ileile ya kinoo.

Jiwe nalo hulika katikati. Husawazishwa kwa kusuguliwa juu ya sakafu tambarare ya saruji yenye mchanga na maji, mpaka bonde lote lipotee.