Risiti Zilizofungwa kwa Uzi

Mama mmoja aliingia ofisini na buti za mpira zenye matope, leso kichwani, na mkononi kifurushi kilichofungwa kwa uzi wa katani. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Nilikuwa karani wa wakili mjini Nyeri, kijana wa kupeleka mafaili Mahakama Kuu na kuyarudisha, mara nyingi kesi ikiwa imeahirishwa tu. Alipokifungua mezani nikaona ni risiti za ushuru wa soko, za siku baada ya siku, nyingine zimefifia wino kwa jasho.

"Mpelekee jaji, mwanangu," akaniambia. "Aone mimi sidaiwi."

Mji wake, mmoja wa ile midogo inayouzunguka Mlima Kenya, ulikuwa gizani wiki ya pili. Kanjo, yaani baraza la mji, ilikuwa na bili ya stima iliyolimbikizana, na mafundi wa kampuni ya stima walikuja na ngazi wakakata: ofisi za kanjo, taa za barabarani, soko, na pampu ya maji. Soko lile liliamka saa kumi alfajiri, malori ya kabichi na viazi yakifika kabla ya jua. Sasa wanunuzi walikataa kuhesabu noti kwa mwanga wa koroboi, wakawa wanapitiliza hadi soko la Karatina. Mifereji nayo ilikauka, na watoto wakateremka mtoni na mitungi kabla ya kwenda shule. Mama huyu hakuwa na mita ya stima maishani mwake. Alikuwa na kibanda, na kila asubuhi askari wa kanjo alimkatia risiti.

Baraza la mji ndilo lililokuwa mteja wetu. Lilitaka amri ya zuio, stima irudishwe kesi ikiendelea. Mimi ndiye niliyeipiga chapa hati ya kiapo, na ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini giza lilikuwa njia rahisi kwa mdai. Sheria ya Serikali za Mitaa, sura ya 265, ilikuwa na kifungu cha 263A: hata ukiishinda kanjo kortini, dalali hawezi kunadi ardhi yake, majengo yake, magari wala mitambo yake ya kazi. Kinga hiyo iliwekwa ili huduma za wananchi zisikwame. Lakini mdai aliyefungiwa mlango wa dalali alibaki na koleo la kukatia waya, na koleo hilo lilimpata mwananchi yule yule aliyekuwa akikingwa.

Kanjo nayo ilikuwa inadai. Serikali kuu ilipaswa kuyalipa mabaraza fedha badala ya kodi ya ardhi na majengo yake, na fedha hizo zilikuja kidogo au hazikuja kabisa. Kodi ya kichwa ambayo mabaraza yalikuwa yakitoza zamani ilifutwa miaka ya 1970, na mfuko haukujaa tena. Wafanyakazi walikaa miezi bila mshahara. Ule mgao wa serikali kuu kwa mabaraza, LATF, uliotokana na sheria ya 1998, ulikuwa bado. Siwatetei madiwani, kwa sababu ushuru wa mama yule uliingia kila siku na hakuna ukurasa wa faili letu ulioonyesha ulikoishia.

Kilichoniumiza zaidi ni maji. Mito ya mlima huu, Sagana na Thiba na mingineyo, huteremka hadi Tana na kuzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Stima ya nchi ilipita mbele ya macho ya watu wa mji ule, kwanza ikiwa mto.

Mwajiri wangu alimsikiliza mama kwa heshima, akasimama hata kumvutia kiti. Kisha akamweleza kwamba yeye si mhusika katika kesi. Akamkumbusha Wangari Maathai, binti wa Ihithe, hapo hapo Nyeri: alipokwenda kortini mwaka 1989 kuzuia jumba refu lisijengwe Uhuru Park, aliambiwa hana haki ya kushtaki. "Kama yeye walimrudisha, mama, wewe watakufanyaje?" Katiba ya 2010 imeulegeza mlango huo, kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda kortini kwa niaba ya umma. Mama huyu alikuja mapema mno.

Mawakili wawili walibishana asubuhi nzima. Jaji akaamuru stima irudi kwa siku 14 kwa sharti kwamba sehemu ya deni ilipwe. Haikulipwa kwa wakati, wakakata tena. Mwishowe pande mbili zikaelewana nje ya korti, kulipa kidogo kidogo, kila upande ubebe gharama zake. Gharama za mama hazikuandikwa popote.

Februari 2025, niliposoma kwamba taka zimemwagwa mbele ya Stima Plaza, ofisi za kampuni ya stima, Kaunti ya Nairobi na Kenya Power zikidaiana, bili huku na ada za njia za nyaya kule, sikuwafikiria wakubwa wa pande hizo. Niliufikiria ule uzi wa katani.

Alirudi kuzichukua risiti zake taa zilipowaka. Nilikuwa nimezisukuma nyuma ya faili, na huko ndiko zilikokaa muda wote. Akazihesabu moja moja, akaniuliza kama jaji alizisoma.

Nikamwambia hapana. Akazifunga upya, akavuta fundo kwa meno, akashuka ngazi kuwahi matatu.