Maradhi Hayana Upande wa Mume wala wa Mke



Mtoto akiugua homa, jamaa huuliza dawa. Akiugua maradhi ya kudumu, jamaa huuliza nasaba. Hutafutwa babu aliyekuwa na kidonda kisichopona, nyanya aliyevimba shingo, shangazi aliyefariki kijana. Na aghalabu uchunguzi huo huishia mlangoni pa mama aliyemzaa mtoto. Jambo hilo limeifika aila yetu, nasi tumeona ni wajibu kuwaandikia tuliyojifunza.

Ndugu yetu alioa Myanga, katika eneo la Bumula, kaunti ya Bungoma, na huko ndiko alikofanya makazi. Mkewe, baada ya kuzaa mtoto wa pili, alianza kuchoka bila ya kazi, kuona baridi watu wakitoka jasho, na kunenepa ilhali chakula hakimpandi. Damu yake ilipopimwa alionekana na maradhi ya thairoidi, ile tezi iliyo mbele ya shingo, na tangu hapo humeza kidonge kimoja kila asubuhi. Miaka minne baadaye binti yao mkubwa, mwenye umri wa miaka 9, alianza kunywa maji asikate kiu, kukojoa kitandani naye alikwisha kuacha zamani, na kukonda hata nguo zikampwaya. Alifikishwa hospitali akihema kwa nguvu, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyovunda. Kilikuwa kisukari cha aina ya kwanza. Alhamdulillahi, insulini ilimrudisha.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jamaa wa pwani walisema maradhi kama haya hatuna sisi, yametoka bara. Wazee wa Myanga walisema watu wa pwani huoana mabinamu, basi wamekuja na damu iliyochoka. Wengine walilaumu miwa ambayo mtoto huitafuna kama watoto wote wa huko, na wengine walitaja jicho, wakashauri sindano zisimamishwe siku 7 ili mtoto asomewe. Mke wa ndugu yetu alimuuliza mama yetu swali moja tu: "Mama, kwani mimi nimemlisha nini mwanangu?" Mama alimjibu, "Hujamlisha kitu, mwanangu. Twende tukaulize wanaojua."

Tulilojibiwa ni hili. Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili kuwa na askari wake, ndiyo kinga inayopigana na vijidudu. Kwa baadhi ya watu askari hao hukosea, wakaushambulia mwili wenyewe. Wakiishambulia thairoidi, tezi huweza kudhoofika, kama alivyoeleza tabibu Hakaru Hashimoto wa Japani mwaka 1912, au huchochewa ikafanya kazi kupita kiasi, maradhi yaitwayo kwa jina la Robert Graves, aliyeyaeleza mjini Dublin mwaka 1835. Wakiziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, huwa ni kisukari cha aina ya kwanza. Hiki si kile cha aina ya pili kinachowapata zaidi watu wazima na chenye kuhusiana na unene na kukaa bila ya kutembea. Miwa haisababishi kisukari cha aina ya kwanza.

Je, hurithiwa? Kinachorithiwa ni wepesi wa kupata, si maradhi yenyewe. Jeni zenye uzito mkubwa zaidi zimo katika kromosomu ya 6, nazo ndizo zinazoifundisha kinga kumtambua mwenyeji na mgeni. Baadhi ya jeni hizo huyahusu maradhi ya thairoidi na kisukari kwa pamoja, na ndiyo sababu huonekana katika nyumba moja, na mara nyingine katika mtu mmoja. Lakini zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wapatao kisukari cha aina ya kwanza hawana mzazi wala ndugu mwenye nacho. Hata pacha wa yai moja, ambao jeni zao ni zile zile, mmoja huweza kuugua na mwenzake akaishi makumi ya miaka akiwa mzima.

Na wale wanaomtazama mama tu, wasikie hili. Katika hesabu zilizofanywa Ulaya na Marekani, baba mwenye kisukari cha aina ya kwanza humwachia mtoto hatari ya takriban 6 kwa 100, na mama mwenye nacho ni kati ya 1 na 4 kwa 100. Kisukari hiki hakijaanza kwa mama, wala hakimfuati mama zaidi ya baba.

Mbegu haioti bila ya udongo, na udongo hapa ni mazingira. Watu wa Ufini na majirani zao wa Karelia, upande wa Urusi, wanafanana sana kwa jeni. Hata hivyo kisukari cha aina ya kwanza kwa watoto wa Ufini kilionekana kuwa mara 6 zaidi. Wataalamu wanashuku virusi vya tumboni na namna mtoto anavyokutana na vijidudu katika miaka yake ya mwanzo. Kwa upande wa thairoidi, uvutaji wa sigara huongeza hatari ya maradhi ya Graves, na kipindi baada ya kujifungua ni mlango unaojulikana, kwani kinga iliyotulia wakati wa mimba huamka kwa nguvu. Maradhi haya huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Ipo pia chumvi. Zamani rovu lilikuwa jambo la kawaida katika nyanda za juu za Kenya, kwa kuwa udongo wa huko umepungukiwa na ayodini, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita madini joto. Tangu miaka ya 1970 ayodini hutiwa katika chumvi, na chumvi hiyo kwa sehemu kubwa hutoka kwetu, katika mashamba ya Gongoni na Marereni kaskazini ya Malindi. Chungu cha Myanga kinaungwa kwa bahari ya pwani! Rovu la upungufu si kosa la kinga. Hata hivyo ayodini ikizidi sana nayo huweza kuichokoza kinga ya mtu mwenye wepesi huo, kama ilivyoonekana Uchina. Basi chumvi yenye ayodini tuitumie, kwa kiasi.

Tusidhani kwamba yote yamekwisha kujulikana. Mwaka 2025 ulitolewa utafiti wa vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini walioambiwa wana kisukari cha aina ya kwanza, na karibu theluthi mbili yao hawakuonekana na alama za kinga kuushambulia mwili. Uganda ni jirani wa Bungoma. Huenda basi katika nchi zetu ipo njia nyingine ya kufikia maradhi hayo hayo, na wataalamu wanaendelea kuitafuta. Lakini mtoto ambaye mwili wake hautengenezi insulini, kwa njia yoyote iliyomfikisha hapo, anahitaji insulini.

Hilo ndilo tunalotaka kila nyumba ilishike. Kabla ya mwaka 1922, alipodungwa kijana wa kwanza huko Toronto, kisukari hiki kilikuwa hukumu ya kifo. Leo mtoto huishi, akasoma, akaoa au akaolewa, akazaa. Kusomewa hakuzuii sindano, na sindano haizuii kusomewa. Lakini kuisimamisha siku chache tu huweza kumuua. Pasipo na friji, mtungi wa udongo wenye kutiwa maji huihifadhi insulini katika ubaridi unaofaa. Ramadhani ikikaribia, tabibu aulizwe mapema, kwani dini yetu imempa mgonjwa ruhusa.

Mtoto akinywa maji kupita kiasi, akikojoa sana na kukonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Mama aliyejifungua akichoka kwa miezi, au moyo ukimwenda mbio, asiambiwe ni mvivu wala ana wasiwasi, apimwe thairoidi. Na wanaokwenda kuposa wakisikia kwamba binti ana kisukari, wasigeuze nyuma mlangoni. Waulize anatunzwa vipi.

Nguvu zinazotumika kutafuta upande wa lawama zitoshe kumpeleka mgonjwa kliniki na kumnunulia dawa. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, wa pwani na wa bara. Amin.