Kabati la Milango Minne

Nyumba ya bibi yangu, Magomeni, ilikuwa kama nyumba nyingi za Kiswahili za Dar es Salaam: mlango wa mbele unaoangalia mtaa, vyumba kulia na kushoto, na katikati korido inayonyooka mpaka uani. Katika vyumba kadhaa walikaa wapangaji, kwa hiyo korido ilikuwa ya wote, na hakuna aliyethubutu kuweka humo kitu kisichohamishika. Baiskeli ililala pale ikatolewa alfajiri. Madumu ya maji yalipangwa karibu na mlango wa uani. Nje ya kila chumba palikuwa na msumari wa kutundikia mwavuli, kikapu na kanga ya kujitupia mtu akiitwa ghafla. Vya thamani vilikaa ndani, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Sitaupamba utaratibu ule. Masika viatu vililowa kizingitini, ndala zilibadilishana miguu, na umeme ukikatika lazima mtu ajikwae kwenye jiko la mafuta ya taa. Lakini korido ilipitika.

Wapangaji walipoondoka mmoja mmoja, korido ikabaki yetu, na mama akaona mahali pa kuweka vitu. Akaenda Keko, kwa maseremala, akaagiza kabati la mninga la milango minne, refu, limekazwa kwa gundi na misumari. Lilikuwa zuri kwelikweli. Mninga ukipigwa vanishi hung'aa kahawia yenye mistari ya dhahabu, na mchwa hawauli kirahisi. Majirani walikuja kulitazama. Viatu, mashuka, misala, vyombo vya shughuli, vyote vikaingia humo na milango ikafungwa. Ila kina chake kilikuwa sentimita 60, nalo likameza sehemu kubwa ya njia.

Babu akafariki. Jeneza lilitoka chumba cha nyuma, na wabebaji walipofika kwenye kabati mabega yao hayakuenea. Watu wakajaribu kulisukuma kabati, halikutikisika. Ikabidi jeneza lishushwe mabegani, vijana walishike kwa mikono na kupita ubavu ubavu mpaka barazani. Hakuna aliyesema neno.

Bibi alikaa eda yake yote bila kulizungumzia. Alipotoka akamwita mama, akamwambia kwa upole: "Mwanangu, kabati hilo lipunguze. Na mimi nataka nipite vizuri."

Mama alimrudia fundi yuleyule. Mzee wa watu alilizunguka kabati, akalipima, akakataa kulivunja. Alilikata katika sehemu nne, kila mlango na sehemu yake, kisha akapunguza kina mpaka sentimita 35, akisema sitini ni za nguo zinazoning'inia kwenye henga, viatu na mashuka yaliyokunjwa havihitaji hizo. Kila kisanduku kikapata ubavu wake, mgongo wake na miguu yake. Badala ya misumari akatumia bolti na nati zinazopenya ubavuni, kimoja kikashikana na cha pili, na ukizifungua watu wawili wanakibeba.

Kazi niliyoikodolea macho zaidi ni ya matundu. Alikuwa na kigezo, ukanda wa plaiwudi uliotobolewa kwa vipimo sawa, akaubana ndani ya kila kisanduku na kutoboa juu yake. Kwa hiyo chaga yoyote ilikaa kwenye kisanduku chochote, juu au chini upendavyo. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba viwanda vya makabati vina utaratibu huohuo: matundu ya milimita 5, yaliyoachana milimita 32, ndiyo maana bawaba na reli za droo za watengenezaji mbalimbali hukubaliana. Fundi yule alikuwa na kigezo chake tu na jicho lake.

Visanduku vilipangwa upande mmoja wa korido, kimoja kikafupishwa ili mita ya umeme wa LUKU ukutani isizibwe na mtu aweze kubonyeza tarakimu. Juu ya hicho kifupi bibi aliweka chetezo na kikapu cha funguo.

Leo nakaa nyumba ya kupanga, na korido yake ni nyembamba kuliko ile. Makabati ya kujengea ukutani yanapendeza, lakini mpangaji akihama humwachia mwenye nyumba. Mimi nilitengenezewa ya visanduku, MDF ya milimita 18, vya viatu vikiwa na kina cha sentimita 20 na milango inayoinamia mbele. Niliomba miguu ya sentimita 10, kwa sababu sisi sakafu tunaimwagia maji, na MDF ikinywa maji huvimba na hairudi ilivyokuwa. Milango ya viatu ina matundu ya kupumulia, maana joto la pwani halisamehe kiatu kilichofungiwa. Rangi ni ya ukuta wenyewe, na korido inaonekana pana kuliko ilivyo. Tulipohama mara ya mwisho, vilivyokuwa vimepangwa kwa safu tulivipandanisha, vikaingia pembeni mwa mlango bila kukatwa hata kidogo.

Vile vya mninga viligawanywa pamoja na vitu vingine vya bibi. Shangazi ana kimoja, Tanga, ametia vitabu vya wajukuu. Changu kimesimama katikati ya vile vya MDF, na vipya vyote nilivipimisha kimo kwa hicho. Kijana wangu sasa ameanza kuendesha pikipiki, kwa hiyo fundi anakuja Jumamosi kupima kisanduku cha helmeti mbili na koti la mvua.