Dawa ya Mtoto ni Bure, Mlezi Je?

Watu wengi hudhani mtoto mwenye kifua kikuu (TB) sugu alikatiza dawa. Kwa kawaida sivyo. Mtoto mdogo huambukizwa vijidudu ambavyo tayari havisikii dawa za rifampisini wala isoniazidi, na mara nyingi huvivuta ndani ya chumba anacholala, kutoka kwa mtu mzima anayempenda. Kwa hiyo siku anapogunduliwa, ugonjwa ni wa nyumba nzima. Ukilinganisha Uingereza na Kenya, dawa zenyewe siku hizi hazitofautiani sana. Kinachotofautiana ni nani anahesabiwa kuwa yumo katika matibabu.

Maendeleo yapo, na ni makubwa. Zamani watoto walidungwa sindano za kanamisini kwa miezi, na baadhi yao walipoteza uwezo wa kusikia. Shirika la Afya Duniani limeacha kuipendekeza dawa hiyo, na mwaka 2022 likakubali dawa ya bedakwilini itumike kwa watoto wa umri wowote. Watoto wengi sasa hutibiwa kwa vidonge pekee, kwa miezi michache badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi. Lakini vidonge havijinyweshi. Mtu hukaa chini kila asubuhi, avikoroge kwenye maji, amshike mtoto, na akitema aanze upya. Klofazimini, mojawapo ya dawa hizo, hubadilisha rangi ya ngozi, na majirani huanza kuuliza. Moyo lazima upimwe kwa mashine mara kwa mara, kwa hiyo kuna safari, foleni, na siku ya kazi iliyokwenda.

Uingereza kila mgonjwa wa TB hupewa mtu wa kumsimamia, kwa kawaida muuguzi, ambaye anaweza kufika hadi nyumbani, kuorodhesha wanaoishi humo na kuhakikisha wanapimwa. Matibabu ni bure hata kwa asiye na makaratasi. Nyumbani Kenya pia dawa ni bure. Hata hivyo, utafiti wa gharama uliofanyika Kenya mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 86.4 ya familia zenye mgonjwa wa TB sugu zilibeba gharama za kuangamiza, yaani zaidi ya asilimia 20 ya matumizi yao ya mwaka. Kwa TB ya kawaida ilikuwa asilimia 26.5. Fedha hizo huishia kwenye nauli, kwenye chakula, na kwenye kipato kinachopotea. Mgonjwa akiwa mtoto wa miaka mitatu, kipato kinachopotea ni cha mama aliyefunga kibanda chake cha mboga, na jina lake halimo kwenye kadi ya kliniki.

Nitaambiwa Uingereza ina pesa na wagonjwa wachache. Ni kweli. Tena Uingereza si ya kuigwa kwa kila jambo: mhamiaji ambaye viza yake inamzuia kupata ruzuku za serikali hutibiwa bure huku kodi ya nyumba ikimlemea. Lakini Kenya haianzi na mikono mitupu. Wagonjwa wa TB sugu wamekuwa wakipewa posho ya shilingi 6,000 kwa mwezi, kwa kutegemea sana wafadhili, na tangu 2023 kuna wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Njia ya kumfikia mlezi ipo. Kinachotakiwa ni posho hiyo iingie kwenye bajeti ya serikali, na mlezi wa mtoto aandikwe kwa haki yake.

Hoja ninayoisikia zaidi ni kwamba sisi tuna undugu: bibi atamshika mtoto, shangazi atachangia. Siudharau undugu, lakini TB sugu huupiga pale pale unapotegemewa. Ndugu wenyewe ndio wanaoogopa kukaribia, na bibi anayekubali kumlea mtoto huenda naye ameambukizwa, au ndiye chanzo, na hajapimwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza levofloksasini kwa miezi 6 kwa watu walioishi karibu na mgonjwa wa aina hii, ili wasiugue. Ili bibi na ndugu za mtoto wapate kinga hiyo, kwanza lazima mtu abishe hodi na kuandika majina ya wote wanaolala humo, kisha arudi mwezi unaofuata kuona kama wanameza dawa na kama mama amepata nauli.