Doa Lisilo Kimbunga

Doa ni neno lisilo na bahati. Likitajwa juu ya kanzu au jina la mtu, msikiaji hutafuta kosa. Madoa ya jua nayo yameonewa vivyo hivyo, ilhali weusi wao ni wa kulinganishwa tu: kiini cha doa kina joto la nyuzi 3,500 hivi, na uso unaolizunguka una nyuzi 5,500. Lingewekwa peke yake katika anga la usiku, lingeng'ara.

Mwaka 1908, katika Mlima Wilson huko California, George Ellery Hale alizitazama picha za haidrojeni iliyojipinda juu ya madoa, akaona kimbunga. Tashbihi ilipendeza. Akawaza kwamba gesi yenye chaji za umeme, ikizunguka, sharti izae sumaku. Akaipima mistari iliyomo katika mwanga wa doa, akaikuta imepasuka, kama alivyoonesha Mholanzi Pieter Zeeman mwaka 1896 kwamba sumaku huipasua. Sumaku ilikuwapo, yenye nguvu maelfu ya mara kuliko ya dunia.

Kimbunga hakikuwapo. Januari 1909, huko Kodaikanal, kusini mwa India, John Evershed, Mwingereza aliyeanza kulichunguza jua kwa mapenzi tu, aliutafuta mzunguko ule. Alichokiona ni gesi itiririkayo kutoka ndani kwenda nje, katika ukingo wa kivuli chepesi, kilomita kama mbili kwa sekunde. Hapo mshairi hufarijika na kuingiwa na hofu kwa pamoja: tashbihi potofu ilimfikisha Hale penye kweli.

Gesi hiyo ni plasma, ambayo atomi zake zimepokonywa elektroni. Haivuki mistari ya sumaku kwa urahisi. Huifuata kama shanga uzini. Kwingi juani plasma ndiyo yenye nguvu, huikokota mistari itakako. Ndani ya doa utawala hugeuka. Sumaku imesongamana na kusimama wima, na mtokoto upandishao joto kutoka chini, mithili ya uji chunguni, hubanwa. Ndivyo alivyoeleza Ludwig Biermann mwaka 1941. Pembeni mistari hulala, na gesi ya Evershed hupita humo.

Doa dogo huishi siku chache, kubwa huweza kufikisha wiki kadhaa. Muda wote huo plasma inayotokota kandokando huimega sumaku, kipande baada ya kipande, hata mwanga ukarudi palipokuwa peusi.